Neno "wear" halina tafsiri moja ya Kijapani

Mhariri,

Karatasi za msamiati zenye safu tatu, Kiingereza, Kijapani na Kiswahili, zimezagaa kwa waongozaji watalii, kwenye mapokezi ya hoteli na kwa vijana wanaojiandaa kwenda kusoma Japani. Nyingi zina mistari kama hii: "eat, taberu, kula", "go, iku, kwenda", "wear, kiru, kuvaa". Mistari miwili ya kwanza haina madhara makubwa. Wa tatu unamfundisha mtu kusema "kutsu o kite kudasai" anapotaka mgeni avae viatu. Mjapani ataelewa kwa kukisia, kwa sababu kitenzi hicho (kite ni umbo la kiru la kuombea) ni cha shati na koti, nguo ya kuingiza mikono. Viatu vina kitenzi chao.

Sisi tunaofasiri kati ya Kiswahili na Kijapani tunaomba nafasi tuseme jambo moja. Neno la Kiingereza lenye maana nyingi lisikimbiliwe kutafutiwa neno la Kijapani. Jambo lenyewe lisemwe kwanza kwa Kiswahili, kikamilifu, kisha ndipo Kijapani kifuate. Kiswahili kimekwisha kugawa maana katika sehemu nyingi ambazo Kijapani nacho kinagawa, na anayepitia Kiingereza anaupoteza mgawanyo alionao tayari mdomoni. Angalia "rice". Sisi tuna mpunga, mchele na wali. Wajapani wana ine shambani, kome guniani na gohan bakulini. Mkulima wa Mwea au Moshi hawezi kuyachanganya hayo matatu mpaka apewe neno moja la Kiingereza ayafunike yote.

Lakini "wear" ndilo linalosumbua zaidi, basi tulieleze kwa kirefu.

Kijapani huuliza kwanza: kitu hicho kinakaa wapi mwilini? Nguo inayoshika kiwiliwili au mwili mzima, yaani shati, sweta, koti, gauni, suti, kanzu, kimono, ni kiru. Kinachoingilia miguuni, kuanzia kiunoni kushuka, ni haku: suruali, kaputula, sketi, soksi, viatu, kandambili. Kinachofunika kichwa ni kaburu, na kitenzi hicho kwa asili kina maana ya kufunikwa kutoka juu. Mtu aliyejifunika blanketi mpaka kichwani naye hutumia kaburu, na aliyemwagikiwa maji vilevile. Kwa hiyo kofia, helmeti na hijabu ni kaburu.

Baada ya hapo swali hubadilika, likawa: kimeshikiliwaje? Miwani ni kakeru, kutundika, kwa kuwa inaning'inia masikioni. Kitenzi ni kile kile cha kutundika koti kwenye msumari. Pete na glovu ni hameru, kuchomeka kitu mahali panapokibana. Tai, mkanda wa suruali, mkanda wa gari na obi, yaani mshipi wa kimono, ni shimeru, kukaza. Skafu na kilemba ni maku, kuzungushia. Beji, bruchi na hereni ni tsukeru, kubandika au kuambatisha. Koti au shali iliyowekwa mabegani bila kuingiza mikono ni haoru.

Kiswahili hakikusaidii katika sehemu ya kwanza, wala kwa miwani, kwa sababu "vaa" yetu ni pana: tunavaa viatu, tunavaa kofia, tunavaa miwani. Hapo inabidi kukariri. Kariri kitenzi pamoja na kitu chake, kutsu o haku, booshi o kaburu, megane o kakeru, kama mtoto anavyokariri "piga pasi" na "piga mswaki" bila kuuliza kipigo kiko wapi. (Kijapani tumekiandika kwa herufi zetu, irabu iliyorudiwa ivutwe kama katika "kaa"; o inayosimama peke yake huonyesha kitu kinachotendewa.) Katika sehemu ya pili, hata hivyo, tuna mtaji. Tunasema kufunga mkanda na kufunga tai, kupiga kilemba, kupaka mafuta, kujitanda ushungi. Mswahili anajua tayari kwamba mkanda hukazwa na kilemba huzungushwa. Akianza na "wear" ataandika kiru kote. Akianza na "funga mkanda" atafika kwenye shimeru karibu bila kamusi.

Kwa vitu vidogo vya kuongezea kuna kitenzi cha dharura, suru, "fanya". Masuku o suru, nekutai o suru, tokei o suru, yubiwa o suru: barakoa, tai, saa na pete zote zinakubali, nayo ni lugha ya kawaida ya kila siku. Suru haikubali nguo wala viatu. Ukisema shatsu o suru umeharibu. Nepi hugawanyika kwa namna yake: ile ya kuvuta juu kama chupi ni haku, ile ya kubandika pembeni ni tsukeru.

Kuvua kunasaidia kumbukumbu. Vitu vya kiru, haku na kaburu huvuliwa kwa kitenzi kimoja, nugu. Vya kakeru, hameru na tsukeru hutolewa kwa hazusu, ambayo ni kuachanisha kitu na kilichokishika. Miwani, megane o hazusu; viatu, kutsu o nugu. Anayesahau kama kitu fulani ni cha kiwiliwili au ni cha kuongezea ajiulize kinavuliwaje. Mara nyingi jibu la pili huja haraka kuliko la kwanza.

Kamusi nyingi za Kiingereza na Kijapani hufungua "wear" kwa kirai mi ni tsukete iru, "kuwa na kitu mwilini". Si kosa. Kinafaa pale nguo, vito na mkoba vinapotajwa kwa mkupuo. Kukitumia kwa kofia moja tu kunasikika kama taarifa ya polisi ya mtu aliyepotea.

Sasa tufike panapotuuma zaidi, kwa sababu ndipo Kiswahili kinapoachwa bure: njeo, yaani nyakati za kitenzi. Kwa Kiingereza, "he is wearing a hat" inaonekana kama tendo linaloendelea, na mwanafunzi aliyepitia Kiingereza hudhani Kijapani nacho kinasimulia tendo. Kumbe tendo limekwisha. Kofia iko kichwani, iliyobaki ni hali. Kiswahili husema hivyo hivyo: amevaa kofia. Hatusemi "anavaa" tukimwelekeza mgeni kwa mtu ambaye kofia yake iko kichwani tangu asubuhi. Kijapani husema booshi o kabutte imasu, na hiyo -te imasu, kwa vitenzi vya kubadilisha hali, inafanya kazi ya -me- yetu. Amekaa, suwatte imasu. Amesimama, tatte imasu. Amelala, nete imasu. Ameoa, kekkon shite imasu. Amekonda, yasete imasu; amenenepa, futotte imasu. Mlango umefunguka, doa ga aite imasu. Katika mifano hii yote Kiingereza kinatumia "is" na kumwacha mwanafunzi gizani, na walimu hutumia vipindi vingi kumweleza kijana wa Dar es Salaam au Mombasa jambo ambalo lugha yake inalifanya kila siku.

Mlinganisho unaendelea mpaka kwenye ukanushi. "Hajavaa helmeti" ni mada herumetto o kabutte imasen, na mada ni "bado" yetu. "Hakuvaa helmeti" ni kaburimasen deshita. Wanafunzi wengi wakiulizwa kama wamekula hujibu mada tabemasen deshita, kwa kuwa wamefikiri kwa wakati uliopita wa Kiingereza. Kiswahili kisingewadanganya: hatujibu "bado, sikula", tunajibu "bado, sijala", na hiyo -ja- ndiyo mada tabete imasen. Wakati uliopita nao unafuata: alivaa, kaburimashita, alikuwa amevaa, kabutte imashita.

Kisha urejeshi. Kiswahili husema "yule aliyevaa kofia nyekundu". Kiambishi ni -li-, cha wakati uliopita, ingawa mtu huyo yuko mbele yetu na kofia bado anayo. Kijapani hufanya vivyo hivyo: akai booshi o kabutta hito, kwa umbo la wakati uliopita, kwa mtu ambaye kofia haijashuka kichwani. Anayefasiri kutoka Kiingereza hulikwepa umbo hili akidhani litamaanisha mtu aliyewahi kuvaa zamani. Na kama tunavyosema kwa kifupi "yule mwenye kofia nyekundu", wao husema akai booshi no hito, na mara nyingi hiyo fupi ndiyo tafsiri nzuri kuliko zote.

Ulinganifu huu si wa kila kitenzi. "Najua" yetu ni shitte imasu, na "naishi Tanga" ni Tanga ni sunde imasu. Hapo sisi tunatumia -na-. Vilevile "navaa miwani" kwa maana ya desturi ni megane o kakete imasu, kwa sababu megane o kakemasu inasikika kama tangazo kwamba unaivaa sasa hivi. Vighairi hivi vikariri peke yake.

Mfano mwingine wa karibu ni agizo la "njoo umevaa viatu vya michezo". Kwa Kiingereza watu huandika "please wear sports shoes", nayo tafsiri hutoka undoogutsu o haite kudasai, "vaa viatu vya michezo", kama vile mgeni ameshika viatu mkononi tayari. Kijapani cha kawaida ni undoogutsu o haite kite kudasai. Haite ni vaa, kite ni njoo, na muunganiko wake ni "njoo umevaa" tupu. Kama ni sweta inakuwa seetaa o kite kite kudasai. Kite ya kwanza ni ya kuvaa, ya pili ni ya kuja. Sauti ni zile zile ila kwa lafudhi ya Tokyo ile ya kuja hupanda mwanzoni, KI-te, na ile ya kuvaa haishuki. Tahadhari nyingine: usikaze t. Shatsu o kitte kudasai ni "kata shati", na waongeaji wetu wenye haraka huteleza hapo.

Tuchukue orodha ya vifaa vya Mlima Kilimanjaro, kwa sababu ni maandishi ambayo Mjapani anayasoma akiwa na uhitaji wa kweli. Kwa Kiingereza mstari baada ya mstari ni "wear": boots, gaiters, gloves, sunglasses, sunscreen, headlamp, warm layers. Kwa Kijapani, buti ni tozangutsu o haku. Geita, kifuniko cha mguu juu ya buti, ni supattsu o tsukeru. Glovu, tebukuro o hameru. Miwani ya jua, sangurasu o kakeru. Mafuta ya kuzuia jua hayavaliwi. Ni hiyakedome o nuru, na nuru ni "paka" yetu, ile ile ya kupaka rangi ukuta na siagi mkate. Nguo za kuvaa moja juu ya nyingine zina neno zuri kabisa, kasanegi, lenye "pandanisha" na "vaa" ndani yake. Kasanegi o shite kudasai inatosha mahali pa sentensi tatu. Begi la mgongoni hubebwa, seou.

Taa ya kichwani inahitaji uangalifu wa pekee. Heddo ranpu o tsukete kudasai ina maana mbili kwa sikio la Mjapani: ivae taa, au iwashe taa. Vitenzi ni viwili, vina herufi tofauti za Kikanji, lakini vinatamkwa sawasawa. Usiku wa kuondoka kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, kundi hupanga mstari gizani wakati wa manane, na betri kwenye baridi hushuka haraka. Mwongozaji anayetaka wageni wavae taa bila kuziwasha aseme atama ni tsukete, "ifunge kichwani", na akitaka ziwashwe aseme raito o tsukete. Kwa kuongeza atama, kichwa, utata umekwisha.

Vazi letu nalo. Watalii wa Kijapani hununua kanga Zanzibar na Mombasa, na kikaratasi cha maelezo kinasema kwa Kiingereza "how to wear". Ukilifasiri kwa kiru, mnunuzi atatafuta mikono ya kuingiza. Anza na tunavyosema wenyewe. Kanga ya kujifunga kiunoni ni koshi ni maku. Ya kujitanda mabegani ni kata ni haoru. Ya kujitanda kichwani ni atama ni kaburu. Vitenzi vitatu kwa kitambaa kimoja, na kila kimoja kinamwonyesha mnunuzi mkono wake ufanye nini.

Nje ya nguo, "wear" ni kuchakaa, na hapa waagizaji wa magari yaliyotumika wanaguswa mfukoni. Karatasi za ukaguzi wa minada ya Japani huandikwa na mkaguzi kwa maneno mafupi. Shiito sure ni kiti kilichochubuka kwa kusuguliwa. Handoru sure ni usukani uliochubuka, si mpini wa mlango. Handoru ya Kijapani ni usukani. Shiito yore ni kitambaa cha kiti kilicholegea na kujikunja. Kizu ni mkwaruzo, hekomi ni kubonyea, sabi ni kutu. Msomaji anayepewa tafsiri ya Kiingereza huona "wear" kwa sure na yore pia, akadhani ni kitu kimoja. Havilingani kwa gharama: kilichochubuka kwenye ngozi ya usukani kinaonekana na kuguswa kila siku, wakati kitambaa kilicholegea fundi wa viti hukivuta.

Matairi na breki hutumia heru, kupungua, au suriheru, kupungua kwa kusuguliwa. Sisi tunasema tairi limelika. Katika vitabu vya ufundi neno ni mamoo, ambalo ni rasmi zaidi. Tairi lililoisha kashata, yaani meno yake, kabisa Wajapani huliita boozu, neno la mtawa wa Kibudha aliyenyoa kichwa, nasi tunaliita kipara. Sheria yao inataka kina cha kashata kisipungue milimita 1.6, na ndani ya mifereji ya tairi kuna alama ndogo iliyoinuka iitwayo suripu sain. Ikilingana na uso wa tairi, limekwisha. Uandikaji wa neno mamoo kwenye tangazo la biashara ni sawa, kwenye simu na muuzaji sema taiya ga hette imasu, na ona tena hiyo -te imasu: limelika.

Dawa ikiisha nguvu mwilini ni kusuri ga kireru. Mtu aliyechoka hoi ni kutakuta. Mkono wa shati uliokwanyuka nyuzi ni surikireru. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachogusa kiru ya kuvaa.

Mabango yana lugha yake. Kwenye kiwanda au eneo la ujenzi, "wear helmets" mara nyingi haiandikwi kwa kitenzi chochote kati ya tulivyovitaja bali kwa nomino chakuyoo, uvaaji: herumetto chakuyoo. Kwenye ndege utasikia shiito beruto o o-shime kudasai, kitenzi kile cha kukaza kikiwa kimewekewa heshima mbele. Na kwenye mlango wa nyumba ya wageni pwani, ambako viatu huachwa barazani, "no shoes" isifasiriwe neno kwa neno. Andika kutsu o o-nugi kudasai, "tafadhali vua viatu", au maneno mafupi ambayo kila Mjapani ameyazoea tangu shule ya msingi: dosoku genkin, marufuku kuingia na viatu vya nje.

Kwa hiyo tunawaomba wanaochapisha karatasi hizo za safu tatu waufute mstari wa "wear, kiru, kuvaa" na mahali pake waweke mistari kumi na mbili au kumi na tano ya kitu na kitenzi chake, Kiswahili kikiwa safu ya kwanza. Shati, kiru. Viatu, haku. Kofia, kaburu. Miwani, kakeru. Funga mkanda, shimeru. Piga kilemba, maku. Jitanda mabegani, haoru. Paka, nuru. Tairi limelika, hette imasu. Kila kitenzi kiandikwe katika maumbo matatu: la kamusi, la kuomba na la hali, kwa mfano haku, haite kudasai, haite imasu, na pembeni ya umbo la hali iandikwe wazi "amevaa", isiandikwe "anavaa". Kabla ya kuchapa, karatasi isomwe kwa sauti mbele ya Mjapani ambaye haoni safu ya Kiingereza, afanye kwa mikono yake kile anachokisikia. Akigusa kichwa pale palipotajwa miguu, mstari huo urudishwe mezani.

Wafasiri wa Kijapani na Kiswahili,
Moshi.